Magnesiamu na moyo baada ya upasuaji: tunatibu upungufu, au tunatibu namba?

Nesi Mkesha (mleta uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Ndugu wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo wanapoona dripu ndogo imetundikwa pembeni mwa zile kubwa, huuliza ni dawa gani, na wakijibiwa kuwa ni magnesiamu, swali linalofuata huwa ni la kazi gani. Jibu la mkato ambalo wengi wetu hulitoa ni kwamba inatuliza mapigo. Si uongo, ila linaacha mengi nje, na hata sisi tunaoitundika hatukubaliani sote ni mgonjwa gani anayeihitaji kweli.

Tuanze na mahali madini haya yanapokaa. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo kwenye mifupa, sehemu kubwa ya iliyobaki imo ndani ya misuli na tishu laini, na isiyozidi asilimia moja ndiyo inayozunguka kwenye damu. Maabara inapotuletea majibu ya milimoli 0.8 kwa lita na kusema mgonjwa yuko kwenye kiwango cha kawaida, ambacho kwa maabara nyingi ni kati ya 0.7 na 1.0, inazungumzia hiyo sehemu ndogo ya mwisho. Msuli wa moyo unaweza kuwa umepungukiwa huku damu ikionekana haina neno.

Ndani ya seli ya moyo magnesiamu haikai bure. ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumiwa na msuli kujikunja na kulegea, hufanya kazi ikiwa imeshikamana na magnesiamu. Pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu ndani inaitegemea vilevile. Tena magnesiamu hushindana na kalsiamu kwenye milango ya utando wa seli, kwa hiyo hupunguza kalsiamu inayoingia na kuikinga seli isijae kupita kiasi, jambo lenye uzito wa pekee kwa moyo uliokaa bila damu kwa muda kisha ukarudishiwa damu. Na kwenye kifundo kinachoanzisha mapigo, pamoja na kile kinachoyapitisha kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, hupunguza kasi ya umeme.

Sasa tazameni upasuaji wenyewe unafanya nini. Damu ya mgonjwa huchanganywa na maji yaliyojazwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, hivyo kila kilichomo hupungua ukolezi. Akiongezewa damu ya benki, sitrati iliyowekwa kuzuia damu isigande hushika kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Mkojo huwa mwingi wakati wa upasuaji na baada yake, na tukimwongezea furosemidi ili kupunguza maji mwilini, figo humwaga magnesiamu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huziba sehemu ileile ya mrija wa figo ambako kiasi kikubwa cha magnesiamu, takriban asilimia 60 hadi 70 ya iliyochujwa, hurudishwa kwenye damu. Homoni za msukosuko kama adrenalini, na dawa za jamii yake tunazozitumia kupandisha shinikizo la damu, nazo huiondoa kwenye damu. Wengi wa wagonjwa hawa walikuja tayari na akiba ndogo, maana walikuwa wametumia dawa za kuongeza mkojo kwa miaka, au wana kisukari.

Msimamo wangu nauweka wazi ili mnijibu. Upungufu uliopo urekebishwe mapema, kwa sababu bila hivyo potasiamu haishikiki na mapigo hatari ya ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, hayatulii. Lakini kumjaza kila mgonjwa magnesiamu kwa matumaini kwamba vyumba vya juu vya moyo wake havitapapatika, ni jambo ambalo ushahidi wake umeyumba kuliko tunavyopenda kukiri. Karibuni.

---

Mwana wa Mzee

Asante sana nesi kwa maelezo. Mimi si mtu wa tiba, nauguza tu. Mzee wangu alibadilishiwa vali ya moyo, na siku ya tatu tukaambiwa moyo umeanza kupiga bila mpangilio, kwamba vyumba vya juu "vinapapatika". Akapewa magnesiamu kwenye mshipa, kisha amiodaroni. Nilipouliza kama amepungukiwa na magnesiamu, nikaambiwa kipimo chake kilikuwa sawa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kama hakupungukiwa, kwa nini alipewa?

---

Nesi Mkesha

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza, na swali lako ndilo hasa kiini cha uzi huu.

Kwanza, hali iliyompata mzee ni ya kawaida sana. Mpapatiko wa atiria, yaani vyumba vya juu, huwapata takriban asilimia 20 hadi 40 ya wanaofanyiwa upasuaji wa moyo, na huwa mwingi zaidi kwa waliorekebishiwa vali, zaidi tena kwa waliounganishiwa mishipa na kurekebishiwa vali kwa pamoja. Kilele chake ni siku ya pili hadi ya nne, hivyo siku ya tatu ndiyo tunayoikodolea macho. Sababu ni nyingi na zinakutana mahali pamoja: atiria zilizotanuka kwa miaka kutokana na vali mbovu, uvimbe unaoletwa na kukatwa na kushonwa, damu na maji yanayobaki kwenye mfuko unaouzunguka moyo, homoni za msukosuko, na umri. Upungufu wa magnesiamu ni mmoja tu wa washiriki.

Pili, magnesiamu hutolewa kwa nia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Nia ya kwanza ni kujazia kilichopungua. Nia ya pili ni kuitumia kama dawa, kwa kiwango kinachoipandisha juu ya kawaida kwa muda mfupi, ili ipunguze mwendo wa umeme kwenye kile kifundo cha kati. Atiria zikipapatika hurusha mamia ya misukumo kwa dakika, na kifundo hicho ndicho bawabu anayeamua ni mingapi itapita kwenda kwenye ventrikali. Magnesiamu humsaidia bawabu kubana mlango, mapigo yakashuka, na ventrikali zikapata nafasi ya kujaa damu kabla ya kusukuma. Mzee wako bila shaka alipewa kwa nia hii ya pili.

Kuna na sababu ya tatu, ambayo ni ya tahadhari. Amiodaroni, ambayo ni dawa ya kurekebisha mapigo, hurefusha muda ambao ventrikali huchukua kujiandaa kwa pigo linalofuata. Muda huo ukirefuka kupita kiasi, hasa potasiamu na magnesiamu zikiwa chini, kunaweza kuzuka mapigo ya kasi yanayoonekana kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo kama utepe unaojisokota, mistari mirefu ikipungua, ikigeuka upande, kisha ikirefuka tena. Daktari Mfaransa François Dessertenne aliyaeleza mwaka 1966 na kuyaita torsades de pointes. Kwa mapigo hayo, gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa ndiyo tiba ya mwanzo hata kama kipimo cha damu ni cha kawaida. Hapo sijawahi kusikia mtu akibisha.

---

Fundi wa Pampu

Naomba niongezee upande wa chumba cha upasuaji, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa na mashine.

Tangu John Gibbon afanikiwe kuitumia mashine ya moyo na mapafu kwa binadamu, Mei 1953 kule Philadelphia, swali limekuwa jinsi ya kuutuliza moyo usiumie wakati damu yake imekatwa. Jibu linalotumika sana ni maji maalumu yanayopitishwa kwenye mishipa ya moyo ili usimame ukiwa umelegea. Mchanganyiko namba 2 wa hospitali ya St Thomas' ya London una milimoli 16 za potasiamu na milimoli 16 za magnesiamu kwa lita. Linganisheni na ile 0.7 hadi 1.0 ya kwenye damu. Mchanganyiko wa del Nido, ulioanzia kwenye upasuaji wa watoto na sasa unatumika hata kwa watu wazima, nao una magnesiamu ndani yake pamoja na lidokaini.

Ninachotaka kusema ni hiki. Sehemu ya maji hayo huishia kwenye damu ya mgonjwa. Kwa hiyo sampuli inayochukuliwa mara tu mgonjwa anapofikishwa kwenye wodi ya wagonjwa mahututi inaweza kuonyesha magnesiamu ya kawaida, au hata ya juu, kisha usiku kucha figo zikaimwaga na asubuhi ikawa chini. Anayesoma ile namba ya kwanza na kuamini kwamba habari imekwisha atakuwa amesoma kazi yangu, si hali ya mgonjwa. Kama mtu anaulizia kipimo kimoja tu chenye maana, basi kiwe cha asubuhi iliyofuata, tena baada ya kujua mkojo umetoka kiasi gani.

Jambo la pili ni dogo, ila linapotosha. Chembe nyekundu za damu zina magnesiamu mara mbili hadi tatu ya ile iliyoko kwenye maji ya damu. Sampuli iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe zikapasuka, huja na majibu ya juu kuliko ukweli. Ukiona maji ya damu kwenye kichupa yamegeuka mekundu, iombe tena.

---

Mpima Hoja

Nimefuatilia kwa makini na nakubaliana na sehemu kubwa. Mimi ni daktari, na ningependa tukae kidogo kwenye lile neno "umeyumba" alilolitumia mleta uzi, kwa sababu nadhani amelisema kwa upole mno.

Magnesiamu ina historia ambayo kila anayeisifu anapaswa kuijua. Katika miaka ya 1980 yalifanyika majaribio madogo mengi ya kuwapa magnesiamu watu waliopatwa na shambulio la moyo, na yalipojumlishwa yalionyesha vifo vikipungua sana. Mwaka 1992 jaribio la Leicester, Uingereza, lililoitwa LIMIT-2, likiwa na wagonjwa 2,316, likaonyesha vifo vya ndani ya siku 28 vikishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 7.8. Watu wakaamini suala limekwisha. Mwaka 1995 yakaja majibu ya ISIS-4, jaribio la wagonjwa 58,050, na faida haikuonekana kabisa. Wapo waliolalamika kwamba katika ISIS-4 dawa ilichelewa kutolewa, ndipo likafanyika jaribio la MAGIC la wagonjwa 6,213 wenye hatari kubwa, waliopewa mapema, na majibu yaliyotoka mwaka 2002 yakawa yaleyale: vifo asilimia 15.3 kwa waliopewa magnesiamu, na 15.2 kwa waliopewa dawa bandia.

Najua hilo lilikuwa shambulio la moyo, si upasuaji. Lakini hadithi ya upasuaji inafuata njia ileile. Majaribio madogo mengi, kila moja na dozi yake, muda wake wa kuanza na namna yake ya kuhesabu mpapatiko, yalipojumlishwa yalionyesha kwamba magnesiamu hupunguza mpapatiko wa atiria. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2005 uliweka pamoja majaribio 20 na kuonyesha mpapatiko ukishuka kutoka asilimia 28 hadi 18. Hizo ni namba za kuvutia. Wachambuzi waliofuata walipobakiza majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi, yale ambayo mgonjwa na mpimaji wote hawakujua nani kapewa nini, faida hiyo ilisinyaa au ikapotea. Hapakuwahi kuwa na ISIS-4 ya upasuaji wa moyo kwa magnesiamu, na mpaka iwepo, mimi siwezi kuiita kinga.

Niseme na la potasiamu, kwa maana mazoea ya wodi nyingi ni kuziangalia hizi mbili kama mapacha. Kwa miaka tumekuwa tukiisukuma potasiamu ifike milimoli 4.5 kwa lita kwa imani ileile ya kuzuia mpapatiko. Jaribio la TIGHT-K, lililowahusisha wagonjwa 1,690 wa upasuaji wa kuunganisha mishipa ya moyo nchini Uingereza na Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2024, lilionyesha kwamba kusubiri hadi potasiamu ishuke chini ya 3.6 ndipo ijaziwe hakukuongeza mpapatiko kwa kiasi cha maana: asilimia 27.8 kwa waliosubiriwa, 26.2 kwa waliojaziwa mapema. Mazoea yenye umri wa miongo yalitikiswa na jaribio moja lililopangwa vizuri. Sioni kwa nini tuiamini magnesiamu kwa ushahidi hafifu kuliko ule tuliokuwa nao juu ya potasiamu.

Ninachokifanya mimi kuzuia mpapatiko ni kuhakikisha mgonjwa aliyekuwa akitumia vizuizi vya beta, dawa zinazopunguza kasi ya mapigo, hakatishiwi, na anarudishiwa mara shinikizo la damu linaporuhusu. Huko ushahidi umesimama kwa miguu miwili. Na kwa wapasuaji waliomo humu, someni jaribio la PALACS la mwaka 2021, ambako tundu dogo lililokatwa nyuma ya mfuko wa moyo ili maji yatoke lilishusha mpapatiko kutoka asilimia 32 hadi 17. Hakuna dripu ya madini iliyonionyesha tofauti ya namna hiyo.

---

Mfamasia Mtulivu

Daktari, heshima kwako. Hoja yako juu ya kinga naipokea bila kinyongo. Hata hivyo naona umewaweka potasiamu na magnesiamu kwenye mizani moja haraka mno, kwa sababu TIGHT-K haikuuliza swali linalotusumbua zaidi usiku, nalo ni la mgonjwa ambaye potasiamu yake inajaziwa, inajaziwa, na haipandi.

Sababu ya hali hiyo inajulikana vizuri. Katika sehemu ya mwisho ya mrija wa figo kuna milango ambayo potasiamu hupitia kuingia kwenye mkojo. Magnesiamu iliyo ndani ya seli hukaa kwenye milango hiyo kama kizibo na kupunguza potasiamu inayotoka. Magnesiamu ikipungua, vizibo vinaondoka, na potasiamu unayoimimina kwa juu inatokea kwa chini. Wakati huohuo ile pampu ya sodiamu na potasiamu aliyoitaja nesi inalegea, hivyo seli za moyo zenyewe hazishiki potasiamu ipasavyo. Unaweza kutundika kloridi ya potasiamu kutwa nzima na kipimo kikabaki 3.2. Ukitoa magnesiamu, potasiamu ileile uliyokuwa ukitoa inaanza kukaa. Kalsiamu nayo hufanya hivyo, kwa sababu upungufu mkubwa wa magnesiamu huzuia homoni ya paradundumio, inayolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, isitolewe inavyopaswa, na kalsiamu ikishuka moyo uliotoka kupasuliwa hupoteza nguvu za kujikunja.

Kwa hiyo kwa mgonjwa wa namna hiyo sisubiri kipimo cha magnesiamu kishuke chini ya 0.7 ndipo niamini. Potasiamu isiyoshikika ni ushahidi tosha kwangu, alimradi figo zinafanya kazi.

Kuhusu namna ya kuitoa, kuna jambo ambalo watu hulipuuza. Figo huamua kiasi cha kumwaga kwa kutazama ukolezi uliopo kwenye damu wakati huo. Ukiitoa haraka, damu inajaa ghafla, figo zinadhani ipo ya kutosha, na hadi nusu ya dozi inaweza kuishia kwenye mkojo kabla seli hazijaipata. Ikitolewa polepole kwa saa kadhaa, inayobaki mwilini huwa nyingi zaidi. Ile ya haraka tuiachie dharura ya mapigo.

Na wanaochanganya dawa wodini wasome kichupa mara mbili. Magnesiamu salfeti ya asilimia 50 ina gramu 1 katika mililita 2, sawa na milimoli 4 hivi. Anayeandika kwa gramu na anayesoma kwa milimoli wanaweza kuachana mara nne.

---

Mpima Hoja

Mfamasia, hapo kwenye potasiamu isiyoshikika sina ubishi. Huyo anapaswa kupewa. Ubishi wangu ni juu ya anayepewa kwa kuwa tu amepita kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

---

Mama Tumaini

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mwanangu alizibwa tundu la kati ya ventrikali, na usiku wa kwanza mapigo yalikwenda mbio sana. Walimpooza mwili kwa blanketi la baridi, wakampa dawa, nayo magnesiamu ikiwemo. Hapa naona mnazungumzia watu wazima tu. Je, kwa watoto ni hayohayo?

---

Nesi Mkesha

Mama Tumaini, huingilii, uwanja ni wa wote. Na swali lako limetuonyesha pengo, kwa sababu kwa watoto mambo ni tofauti, na huko magnesiamu inajitetea vizuri zaidi.

Watoto mara chache hupata mpapatiko wa atiria baada ya upasuaji. Kinachowasumbua ni mapigo ya kasi yanayozaliwa kwenye kiungo kati ya vyumba vya juu na vya chini, jirani kabisa na mahali mshono wa kuziba tundu unapopita. Ndiyo maana hutokea zaidi kwa waliozibwa tundu kama la mwanao au waliorekebishiwa tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, tena mara nyingi katika saa 24 hadi 48 za kwanza. Seli za pale zimevutwa na kuvimba, zinaanza kujiwashia umeme zenyewe, vyumba vya juu na vya chini vinapoteza uelewano, na shinikizo la damu linashuka kwa sababu moyo mdogo hauna akiba. Joto la mwili huyazidisha, ndiyo sababu ya lile blanketi. Adrenalini huyazidisha pia.

Majaribio kadhaa yaliyowapa watoto magnesiamu wakiwa bado kwenye mashine, wakati mwili unapashwa joto tena, yameonyesha mapigo hayo yakitokea kwa wachache kuliko wale ambao hawakupewa. Majaribio hayo si makubwa, na najua daktari atanikumbusha hilo. Lakini yanaelekea upande mmoja, na hatari yake ni ndogo mtoto akifuatiliwa. Vituo vingi vimeifanya kuwa kawaida.

---

Mpima Hoja

Sikukumbushi, umeshajikumbusha mwenyewe. Kwa watoto nakubali, kwa sharti la kipimo cha damu na figo zinazotoa mkojo.

---

Mwana wa Mzee

Nimejifunza mengi. Sasa swali langu la mwisho. Mzee ameruhusiwa kurudi nyumbani. Jirani ametushauri tumnunulie vidonge vya magnesiamu kwa kuwa "vinaimarisha moyo". Vina ubaya wowote?

---

Mfamasia Mtulivu

Ndugu, usimnunulie kabla ya kuzungumza na kliniki yake, na nitakueleza sababu ili usidhani ni ukali wa bure.

Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa nzima, ya ziada inamwagwa, na ubaya wa vidonge huwa ni kuharisha tu, hasa vile vya oksidi ambavyo havifyonzwi vizuri. Figo zikiwa zimedhoofika, jambo linalowapata baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji wa moyo, magnesiamu inajikusanya. Inapofika takriban milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita, goti haliruki tena linapogongwa kwa nyundo. Ikizidi hapo misuli ya kupumulia inalegea, na ikizidi tena umeme wa moyo unazibwa mpaka moyo usimame. Wodini tunaliona mapema, kwa sababu tunaye nesi mwenye kinyundo na kalsiamu glukoneti ya kupingana nayo iko karibu. Nyumbani hakuna aliye na kinyundo. Sisemi kidonge kimoja kitamfikisha huko, nasema figo zake zipimwe kwanza.

Vilevile kidonge cha magnesiamu kikimezwa pamoja na dawa nyingine huweza kuzizuia zisifyonzwe, kwa mfano levothairoksini, siprofloksasini na dawa za jamii ya tetrasaiklini. Na kama mzee ana maradhi ya misuli yanayoitwa miastenia, hapaswi kupewa bila daktari wake kujua, kwa sababu magnesiamu hupunguza mawasiliano kati ya neva na misuli. Hiyo ndiyo sababu hata wodini mgonjwa aliyepewa magnesiamu nyingi huweza kuchelewa kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia, iwapo dawa za kulegeza misuli alizopewa wakati wa usingizi wa upasuaji hazijamwisha.

Badala ya vidonge, chukua orodha ya dawa zake zote na uiangalie. Anatumia furosemidi? Anatumia omeprazoli au dawa ya jamii yake kwa ajili ya tumbo?

---

Mwana wa Mzee

Zote mbili. Omeprazoli ameitumia kwa miaka mingi, na furosemidi ameanzishiwa baada ya upasuaji. Na digoksini kidogo kwa ajili ya mapigo.

---

Mfamasia Mtulivu

Basi hapo pana jambo la kupeleka kliniki, tena si la kusubiri mwezi uishe. Furosemidi humwaga magnesiamu kupitia figo. Omeprazoli ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuzuia utumbo usiifyonze, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2011. Kwa watu kama hao vidonge vya magnesiamu peke yake mara nyingine havitoshi mpaka omeprazoli yenyewe isimamishwe au ibadilishwe. Na digoksini huwa na sumu kwa urahisi zaidi magnesiamu na potasiamu zikiwa chini, hata kama kiwango cha digoksini kwenye damu hakijapita mpaka. Usimsimamishie dawa yoyote wewe mwenyewe. Omba apimwe magnesiamu, potasiamu, kalsiamu na kreatinini (kipimo cha figo) kwa pamoja, na uulize kama bado ana sababu ya kuendelea na omeprazoli.

---

Nesi Mkesha

Naongezea dalili za kumfanya umwahishe bila kusubiri siku ya kliniki: mapigo kwenda mbio au kurukaruka, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, misuli kukakamaa au vidole kutetemeka, kichefuchefu kisichoelezeka, na kuona rangi ya njano kwenye vitu. Hizo mbili za mwisho ni za digoksini zaidi kuliko za magnesiamu, lakini kwa mzee wako zinaweza kuwa zimetoka mahali pamoja.

---

Mwana wa Mzee

Nimeandika yote. Tunakwenda kesho asubuhi na orodha ya dawa mkononi, na vidonge vya jirani vitasubiri majibu ya kreatinini.